Kuhesabu Mikono

Kanuni zilifika kwa farasi, zimelowa pembeni:
kurasa tatu, muhuri mmoja, na barua
ya kumtaka Bwana Thackrah, mwenye duka la unga na misumari,
awe msimamizi wa uchaguzi wetu pale Waipuna.
Mimi nilijua kusoma lugha zote mbili.
Basi nikawa mdomo wake.

Nikasoma barazani mwa nyumba ya mikutano,
manyunyu yakinipokea kila mstari.
Mwanamume tu. Awe ametimiza miaka ishirini na mmoja.
(Nani aliihesabu? Hapeta alizaliwa
mwaka mikunga walipokataa kupanda mto.)
Asiwe amehukumiwa kwa uhaini.
Hapo watu wakakohoa. Wengi walikohoa.
Mgombea atajwe, aungwe mkono,
kisha wanaomtaka wanyooshe mikono juu
nayo ihesabiwe.

Viti vinne, nikasoma, kwa Wamaori wote,
kaskazini hadi kusini.
Ngarongo, asiye na kura, akikwangua viazi kwa gamba la kome,
akauliza walowezi wana vingapi.
Sabini na kitu.
"Na wao hunyoosha mikono?"
Sikumjibu upesi.
Wao tangu mwaka jana wana karatasi.
Huingia nyuma ya pazia mmoja mmoja,
wanakunja, wanatumbukiza, wanakwenda zao,
na anayewadai hajui kitu.
"Ehe," akasema Ngarongo, akachukua kiazi kingine.

Bwana Thackrah hakuwa mtu mbaya.
Ila daftari la madeni lilikuwa mezani, limefunguliwa,
na kila mkono ulionyooka aliujua kwa jina:
huu gunia la unga, ule jembe na mablanketi mawili,
ule pale, mkonge wa kanda za mnada, haujalipa tangu baridi.
Na yeye alimtaka Eruera. Kila mtu alijua anamtaka Eruera.
Kwa hiyo alipotajwa Karauria
niliona mikono ikipanda kama moshi wa kuni mbichi.
Niliona mmoja ukifika begani,
ukajikuna sikio, ukashuka.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.
Akafika kwa Pirimona, akasita.

Mkono wa kulia wa Pirimona ulibaki vitani,
ng'ambo ya ziwa, mwaka ambao hatuutaji mbele ya serikali.
Wa kushoto ulishika fimbo, na fimbo ilimshika yeye.
Akanyanyua kigutu, shati limefungwa fundo mwishoni.

"Mwambie," Bwana akaninong'oneza, "kanuni inasema mkono."
Nikamwambia.
"Inasema upi?"
Nikapekua kurasa zote tatu, nikazipekua tena.
Haisemi.
"Basi muulize," akasema Pirimona,
"kama ule niliokwisha kuutoa unahesabika."
Hilo sikulitafsiri.

Akaiachia fimbo.
Ikagonga jiwe la mlangoni, ikaviringika mpaka mvuani.
Akaunyoosha wa kushoto, juu, vidole vyote vitano,
mwili mzima ukitetema kama nguzo ya ua iliyoliwa na maji.
Kwenye mihimili mababu waliochongwa,
vidole vitatu vitatu tumboni, macho ya kombe yakimeta,
hawakumshika.
Hakuna aliyemshika.
Kumshika, kila mmoja alielewa bila kuambiwa,
kungekuwa kumwongezea mkono.

"Thelathini na tisa," akasema Bwana Thackrah,
polepole, kama mtu anayelipa.

Karauria alishindwa kwa mikono miwili.
Niliandika hesabu, nikapuliza wino ukauke.
Usiku, nikifunga bahasha, nta ikinichoma kidole,
ndipo nikakumbuka kwamba mimi pia ni mwanamume,
miaka ishirini na mitatu, sijahukumiwa kwa lolote.
Wangu peke yake usingetosha, najua.
Lakini siku nzima mikono yangu ilikuwa na kazi:
mmoja kalamu,
mwingine kuzuia kanuni zisipeperuke.